Galoni Sabini

Mizani ya ghala la shayiri pale Hesby
haijali inapima nini.
Mavuno yakisha, Leland Brekke huiacha wazi
kwa dola kumi na soga kidogo,
basi tukaja, Arvid na mimi,
na pikapu, na nyumba ya magurudumu
iliyotia pini mgongoni mwa gari
kama mtoto mkubwa anayekataa kushuka.

"Inavutika bila kuhema," Arvid alisema wiki nzima,
tangu tutie sahihi na shamba kuwa la wengine.
Mimi niliona pua ya gari imeinuka,
taa zikimulika nyaya za simu badala ya barabara.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, sawa,
lakini huu ulikuwa wetu sote, na hakuna aliyeuuliza uzito.

Magurudumu ya mbele. Simama.
Ya nyuma. Simama.
Sasa trela nzima, mpaka mkia. Simama, mama, usishuke.
Leland akaandika kwa penseli juu ya bahasha ya mbegu.
Tukaichomoa pini, trela ikabaki uani
kwa miguu yake miwili ya chuma,
pikapu ikarudi mizanini peke yake, nyepesi,
na Leland akatoa hiki kwenye kile
mpaka ikabaki tarakimu moja:
uzito ambao nyumba inamkalia gari.

Akasoma kibandiko cha mlangoni. Akakisoma tena.
"Ekseli ya nyuma imezidi ratili mia mbili sitini.
Trela, mia sita.
Tairi halikuonyi, Arvid. Linapasuka,
na hupenda kupasukia mteremkoni."

Tukaanza kushusha.
Cherehani. Kasha la santuri.
Mitungi arobaini ya jemu ya cheri-mwitu
niliyoificha chini ya kochi.
Fuawe la baba yake, ratili mia na kumi,
alilolifunga blanketi kabatini mwa viatu vyangu.
Tukatazamana kama wezi wawili
waliokutana kwenye dirisha moja.
"Na haya mawe?"
"Ya msingi wa banda."
"Arvid."
"Ni matatu tu."

Haba na haba, kumbe, kibaba kilijaa zamani
na sisi tuliendelea kumimina.
Leland akajumlisha. Bado.
Akagonga ubavu wa trela kwa kifundo cha kidole,
chini, pale kitanda kilipo, akasikiliza.
"Tangi la maji limejaa?"

Arvid akatazama bendera, ingawa haikuwa na upepo.
"Galoni sabini."
"Maji yapo kila kambi, toka hapa hadi Arizona."
"Siyo haya."

Sikujua. Kumbe usiku ule wa mwisho,
nilipodhani anafunga milango ya banda,
alikuwa kisimani na mpira wa bustani, gizani,
akiyahamisha maji ambayo mwaka ule wa arusi
nilitema nikidhani yana damu.
Chuma. Kwa miaka arobaini na mitatu
yalitia kutu mashuka yangu yote meupe.

Alifungua koki mwenyewe.
Maji yakapita juu ya kokoto, yakafuata
mfereji wa matairi ya malori, hayakuwa na haraka.
Leland akakinga kikombe chake cha kahawa, akanywa.
"Yana chuma."
"Naam," alisema Arvid,
kama mtu aliyesifiwa mwanawe.

Tukapima tena. Ilibaki nafasi,
fuawe likarudi, na mitungi, yote ila sita
aliyobaki nayo Leland, pamoja na mawe.
Cherehani sikuitaka tena; nani atashona Arizona?

Jua lilikwisha. Taa zilikuwa zimeshuka
zikaiona barabara, mstari wake wa manjano,
sungura mmoja.
Mbele ya reli, pasipo treni,
Arvid alikanyaga breki, kujaribu tu.
Tukasimama pale alipotaka.