Mafuta ya Alizeti

Waliosema kunguru ni mwoga
hawakumjua huyu wa Ukonga,
shingo ya majivu, joho la hakimu,
anayekutazama ukimtupia kandambili
kisha akangoja uitupe na ya pili.

Mimi nina mbayuwayu. Si kwamba niliwafuga.
Walikuja mwaka nilioandikiwa barua ya kustaafu,
wawili, na matope ya mfereji midomoni,
wakaikagua dari ya baraza
kama mafundi wasiodai malipo ya awali.
Leo ni viota kumi na kimoja,
vikombe vya udongo vilivyobandikwa boriti kwa boriti,
na kinyesi chao kwenye kiti changu cha plastiki
nakifuta kila asubuhi bila kinyongo.

Halafu kunguru wakajifunza kuhesabu vifaranga.

Nilitundika diski za filamu za mwanangu,
zikameta siku mbili. Siku ya tatu
kunguru akajitazama ndani yake, akajipanga manyoya.
Nilivalisha ufagio kanga, nikauita mlinzi;
wakatua juu ya kichwa cha mlinzi.
Pazi wa jirani akaja na manati,
akavunja taa ya Mama Nakiete,
nikalipa elfu nne na mia tano.
Nikaambiwa: mtundike mmoja aliyekufa, wengine wataogopa.
Nikamtundika.
Walikuja sitini wakamlilia toka alfajiri mpaka adhuhuri,
mtaa mzima ukapita kuniuliza nimefiwa na nani.

Bwana wa sumu naye alikuja, na mkoba wake.
Nikamwonesha kuku wa watu, paka wa watu,
watoto wa watu wanaookota chochote.
Akanywa maji, akaenda.

Ni katika kumsindikiza nikaiona ndoo.
Asumini, mkamwana wangu, hukaanga vibua nje ya geti;
ndoo ya utumbo ilikuwa wazi tangu mwezi wa kwanza.
Kumbe karamu ni yangu,
na kadi za mwaliko nimezisambaza mwenyewe.
Nikanunua mfuniko. Juu yake, tofali.

Wengi wakahama. Wenye kiota hawakuhama.

Kilikuwa juu ya mwarobaini: nyaya, henga mbili,
na antena ya redio yangu, ile niliyomshutumu nayo Pazi.
Akapanda bila kunikumbusha hilo,
akashuka na mayai manne ndani ya kofia,
rangi ya bahari ya asubuhi yenye madoa ya chai,
bado na joto la mama.

Miaka thelathini na miwili nimepokea watoto wodini.
Viganja hivi havijui kazi nyingine;
viliyakumbatia kabla sijaviruhusu.

"Usiyavunje," alishanifundisha Bwana Ndelwa wa kilimo,
"ukivunja atataga mengine wiki ijayo.
Yapake mafuta, yarudishe.
Ganda litakosa pumzi. Yeye ataatamia tu."

Nikayapaka. Alizeti, yale yale ya vibua,
kwa pamba, taratibu,
kama nilivyowafuta wale wengine
ule ute mweupe wanaokuja nao duniani.
Pazi akauliza, "Bibi, yanasikia?"
Nikamwambia, panda.

Hii ni wiki ya nne.
Makinda ya mbayuwayu yamesharuka,
yamejipanga kwenye waya wa umeme, yanasukumana,
moja linaanguka kila mara na kukumbuka angani kwamba lina mbawa.
Barazani ni kelele na kinyesi. Nashukuru.

Kunguru jike bado yumo.
Vuli inapiga, ametandaza mbawa kuikinga mvua,
na safari hii hanitazami.

Nimekaa kwenye kiti cha plastiki,
nimeshika saa yangu ya wodini, ile ya kubana kifuani.
Najikuta nahesabu dakika,
kama zamani,
pale mtoto amekwisha kutoka
na chumba kizima kimenyamaza
kikingoja alie.