Futi Kumi na Tano

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi tulipewa siku ile ile ya kwanza:
jembe, sufuria, turubai, dumu la lita ishirini.
Jembe tukalipa kazi fupi tu, maharage,
zao la miezi mitatu, zao la mtu anayeondoka.
Kisha tukalitundika.
Tulikuwa wa muda.

Miaka sita ya muda.

Hapa Juru, Nakivale, vyoo vyetu navyo vilikuwa vya muda:
kina cha goti, magogo mawili, gunia kwa pazia.
Kikijaa, tunasogea hatua tatu.
Mvua iliporudi, choo nacho kilirudi,
kikapita mlangoni bila hodi
na maganda ya matoke, nepi, mifuko myeusi,
kandambili moja ya mtoto wa mtu,
kikashuka hadi bombani, tunapopanga madumu.

Tulijua. Pua haidanganyiki.
Ila nani achimbe futi kumi na tano
katika nchi atakayoiaga kesho?
Shimo refu ni kiapo.
Cikuru alikuwa akisema, "Mimi nitachimba kwetu, Walungu.
Hapa najisaidia tu."
Na wajukuu wawili walikuwa wameshazaliwa hapa.

Kisha ikaja wiki ya kuhara.
Sitaiandika yote.
Nsimire alimbeba Ombeni mgongoni hadi kituo cha afya,
akarudi kitenge kimekunjwa mkononi.

Hakulia mbele yetu.
Alipanda kigoda, akalishusha jembe.

Siku ya kwanza tuliuona mgongo wake.
Ya pili, kitambaa cha kichwa.
Ya tatu tuliona udongo tu ukiruka,
na sauti kutoka chini:
"Kamba! Nani ana kamba?"

Kamba alikuwa nayo Cikuru, ya kufungia mbuzi.
Alisimama nayo ukingoni,
kama mtu aliyeitwa jina na hajui aitikeje.
Halafu akaiteremsha.

Sasa tuko kaya kumi na mbili, mashimo manne.
Kuna zamu ya kufagia, na watu wanaoikwepa, na majina yao tunayajua.
Kuna kopo la majivu.
Kuna dumu lililotobolewa kwa msumari wa moto,
na watoto wananawa hata wasipokuwa wachafu,
kwa raha ya kuona maji yakichuruzika.
Maganda huozea migombani.
Plastiki tunashindilia magunia, tunamngoja kijana wa Mbarara
anayekuja na pikipiki kila Jumanne, au haji.
Mifuko myeusi bado imenasa kwenye miiba ya migunga,
inapigapiga usiku.
Sisemi tumemaliza.

Pale tulipofukia choo cha zamani
boga limejiotea, majani mapana kama sinia.
Hakuna aliyethubutu kuchuma.
Mbuzi wa Cikuru ndiye aliyefungua mlo.

Na kwenye saruji ya kifuniko, kabla haijakauka,
Nsimire aliandika kwa kidole herufi moja,
O.

Juzi alikuja karani na daftari.
Majina, umri, idadi ya watu.
Akafika swali la mwisho:
"Mnakusudia kuishi hapa kwa muda gani?"
Tukatazamana.
Nsimire alikuwa akipaka chokaa ukutani,
hakugeuka.
"Futi kumi na tano," akasema.

Karani akangoja, kalamu juu ya karatasi,
atajiwe miaka.