Dawa ya Deni

Obwona mfyatua matofali alishindwa kunilipa
elfu thelathini zangu,
akaniletea mtoto wa mbwa ndani ya debe.
Nikamwita Deni.
Mwaka wa sita huu tunalinda pamoja ghala la ufuta,
hapa Kitgum, barabara ya kwendea Matidi,
yeye kwa pua, mimi kwa tochi,
na mshahara naupokea peke yangu.

Februari hii jua limekaza,
changarawe imeota meno.
Nikamwona anachechemea zamu nzima, kisha analala,
analamba, analamba, anautafuna wayo.
Mtembezi hula miguu yake:
nimeisema methali hiyo tangu utotoni,
sikujua kuna anayeila kwelikweli.

Nikauinua mguu, nikamulika.
Vile vimto vinne vya vidole na kile kikubwa cha katikati
vimepasukapasuka
kama tope la Pager mto ukishalikimbia.
Ndani ya ufa mmoja, mwiba.
Ndani ya mwingine, punje ya ufuta.
Ee mlinzi, kumbe nawe unatoka na mali ya watu!

Fundi Komakech akapita na ushauri wake:
mpake oili chafu ya pikipiki, mbwa ni mbwa.
Nikamwambia oili chafu kaipake pikipiki.
Huyu anajilamba.

Maji ya uvuguvugu, yasiunguze.
Kipande cha shati langu la kambini, ule mkono uliobaki.
Nakausha katikati ya vidole,
pale unyevu unapojificha mpaka ukaoza.
Kisha mafuta, yale wanayoyaita hapa moo yaa,
aliyoyakamua Aciro kwa mikono yake,
kiasi cha punje ya kunde, basi;
ukizidisha anateleza kwenye saruji kama mlevi.
Nauweka mguu mapajani hadi ngozi inywe,
namsimulia ya jeshini
ili ulimi usahau kazi yake.

Lakini upo ukucha mwingine, wa upande wa ndani, juu kidogo,
usiokanyaga ardhi.
Wenzake wanasagika njiani.
Huo haujui njia. Unakua tu,
unajikunja,
na wa kushoto ulishageuka ukamrudia mwenyewe,
ukaanza kuchimba nyama.
Nawajua watu wa namna hiyo.
Sitaji majina; mmoja ndiye mwenye ghala.

Na ukucha mweusi hauonyeshi mshipa ulipoishia.
Unakata kama mtu anayeonja mchuzi wa moto:
kidogo, unatua, unatazama,
kidogo tena.
Usiku wa kwanza nilizidisha.
Damu.
Deni hakuning'ata. Alinitazama tu,
na afadhali angening'ata.
Nikabana kwa unga wa muhogo
nikihesabu kwa sauti, kama gwaride, hadi mia mbili.

Siku hizi hatutoki mchana ovyo.
Kwanza nainama, naweka mgongo wa mkono juu ya lami.
Mkono ukikataa, tumekataa wote wawili.

Jana Aciro alisimama mlangoni, ungo kiunoni,
akatutazama mpaka nikaona haya.
"Miaka kumi na tisa," akasema,
"na magaga yangu hujawahi kuyamulika."
Nilichungulia kopo.
Yalibaki ya kukwangua kwa kidole.
Akavuta kigoda, akaketi, akavua ndala moja.
Moja tu.
Ya pili, alisema, tutaona.

Nikashika kisigino kile, kigumu, kina vumbi la shamba,
na mkono wangu, uliozoea makucha,
haukujua uanzie wapi.
Deni akasogea, akanusa,
akatangulia yeye.