Kivuli Kifupi

Nakaa Mwanga na nimeishi gizani.
Si kitendawili. Mwanga ni mtaa, Kigoma mjini;
gizani ni chumba cha nyuma, dirisha limezibwa na marobota,
ndimo nilimokanyaga cherehani miaka kumi na minane,
naingia jua halijapanda mabati,
natoka kwa adhana ya magharibi.

Lilianza jicho la kushoto.
Nilikuwa napinda gauni jekundu la harusi ya Kasulu,
wekundu ukachakaa mikononi mwangu, ukawa rangi ya tofali kuukuu.
Nikamlaumu muuza vitambaa. Nikailaumu taa.
Nikabadilisha taa.

Kisha ganzi, kutoka kidole gumba hadi nyonga,
na mguu ukaanza kukanyaga kwa saa zake.
Shangazi Sikudhani akafunga mlango, akanong'ona:
Umechezewa na mwanga.
Mwanga? Mimi na mwanga, shangazi,
hatujaonana miaka.

Mwanza walinilaza ndani ya bomba linalogonga
kama mafundi bati watatu wasioelewana.
Picha ikatoka: madoa saba meupe,
punje za mchele kwenye kaniki.
Daktari Gwimo akaigeuza, akairudisha.
Huu, akasema, tulifundishwa ni ugonjwa wa watu wa theluji.
Akanitazama kama mtu aliyepokea barua ya jirani.

Akanieleza habari za walinzi wa mwili
waliosahau sura za wenye nyumba,
wanabandua ala ya mishipa ya fahamu
wakidhani wamemkamata mwizi.
Mimi nikaelewa kwa bitana:
imeliwa kwa ndani, nguo bado nguo,
ila haikai.

Na vitamini D? Ngozi huikata kutoka kwenye jua,
ini huipiga pasi, figo huitia vifungo
(haya ni maneno yangu, yeye alichora mishale),
ndipo inakwenda kwa walinzi, inawashika bega:
Taratibu. Huyu wa kwetu.
Yangu ilisoma kumi na moja.
Akaizungushia wino mwekundu,
nami nikaona tofali.

Itaniponya?
Akavua miwani, akaifuta kwa tai.
Wenye upungufu huugua zaidi, hilo limeonekana.
Kwamba ukijaziwa utapona, hapo wataalamu bado wanabishana.
Matone unywe. Sindano usiiache.
Na utoke nje
kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe.

Nikaenda Katonga kwa wifi yangu Mwavita,
anayeanika dagaa mchangani.
Akacheka mpaka akakaa chini:
Hawa wamekula jua kuliko wewe, na wao walizaliwa majini!
Saa sita nikanyoosha mikono kati ya samaki.
Saa sita na robo jicho likazima,
miguu ikawa uji.
Hakuna aliyeniambia kwamba joto nalo
huzifunga njia zilizochunika.
Nilirudishwa Mwanga juu ya toroli la magunia
nikinuka shombo, nikilia kwa hasira, si kwa maumivu.
Dawa na sumu, kumbe, zinatoka dirisha moja.

Wiki mbili sikutoka.
Ni Mwavita aliyenijia na kigoda cha plastiki.
Hakusema kitu. Alikipeleka ziwani, akakizamisha
hadi maji yafike mbavuni mwa anayekaa.

Basi siku hizi hukaa humo, Jumanne na Ijumaa,
Tanganyika imenishika kiuno kwa baridi yake,
jua limenishika mabega,
na mimi katikati kama kesi isiyotolewa hukumu.
Watoto wamenizoea. Mmoja huniletea fimbo yangu
kabla sijaiomba, hilo silipendi.
Siku nyingine nashona mikono miwili ya gauni.
Siku nyingine sindano inaanguka na naiacha ilale.

Jana Mwavita alisimama mbele yangu, beseni kichwani.
Khanga yangu rangi gani?
Kulia, nyekundu. Kushoto, tofali.
Akangoja niseme zaidi.

Sogea, nikamwambia.
Unanikinga jua.