Dokta wa Ngazi za Cimpunda

Dola sitini nilizihesabu mezani, noti safi,
maana hapa Bukavu noti iliyochanika ni yatima.
Dokta Nshobole akaziinua moja moja kwenye taa
kama picha za mapafu.
"Huyu mzima," akasema, "na huyu mzima."
Mama akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

Kabla yake nilikwenda kwa yule wa Muhumba.
Ofisini samaki ndani ya kioo, kiyoyozi kinakoroma.
Alinisogezea karatasi: mke, mume, watoto wanne,
simu usiku na mchana, foleni hamtaijua tena.
"Bibi mzee ni nyongeza," akasema,
akapiga mstari chini ya nyongeza.
Nikamuuliza: umewahi kupanda Cimpunda mvua ikinyesha?
Akaniambia ana gari lenye nguvu.

Gari!
Kwetu gari linakomea kwa Bashige, fundi wa redio.
Kutoka hapo ni ngazi za udongo, mia na ishirini na nne,
nilizihesabu usiku ule tukishuka,
mama juu ya kiti cha plastiki,
vijana wanne wameshika miguu ya kiti,
wa tano mbele, tochi ya simu kwenye meno.
Hospitali wakatuuliza fishi.
Wakatuuliza dhamana.
Mtu akaenda kumtafuta mtu mwenye ufunguo.
Kulipopambazuka, upande wa kushoto wa mama ulikuwa umelala,
na haujaamka hadi leo.

Ndiyo maana nilitafuta daktari kama wengine wanavyotafuta mkwe:
anatoka kwa nani, anakunywa nini,
akikasirika hutupa nini.

Nshobole alikuja kwa miguu, buti za mpira,
viatu vyake ndani ya mfuko.
Hakuuliza pesa. Aliuliza maji tunachota wapi,
nani hulala karibu na mgonjwa,
na mimi mwenyewe, muuza saruji, nakohoa tangu lini.
Sikuwa nimemwambia nakohoa.
Mama akajifanya amelala, amjaribu.
Yeye akakaa. Hakumgusa.
Akasubiri mpaka mama akachoka kujifanya.
"Munganga huyu," mama akaniambia baadaye,
"mikono yake imewahi kumenya mihogo. Mlipe."

Nikamlipa.

Wiki ya tatu, saa nane za usiku, homa ya Asifiwe.
Alipanda. Sindano, kitambaa cha maji,
akaandika kwenye daftari letu, daftari lenye jina letu.
Ndipo mlango ukagongwa.
Mama Ziruka wa nyumba ya chini, mtoto kifuani,
pumzi zake kama msumeno kwenye mti mbichi.

Dokta hakuutazama mlango. Alinitazama mimi.

Nauza saruji Nyawera, najua:
mfuko ukishalipiwa ni wa aliyelipa,
hata mvua ikibomoa ukuta wa jirani.
Sikusema ndiyo upesi. Naliandika hili nisije nikajidanganya.
Nilivuta pumzi tatu, na kati ya hizo
moja ilikuwa ya dola sitini.

Kutoka kitandani, sauti iliyopinda:
"Mnangoja nani akamtafute mwenye ufunguo?"

Vichwa viwili vikalala mto mmoja.
Asubuhi Mama Ziruka akaleta mayai mawili,
akayaweka mbele yangu, si mbele ya dokta.
Yalikaa pale siku nzima.
Hakuna aliyethubutu kuyakaanga.

Jana, nikishuka kwenda kazini, nilihesabu tena.
Si ngazi. Milango.
Thelathini na mmoja hadi kwa Bashige.

Mwezi unaisha Ijumaa.
Noti nimezipanga chini ya godoro la mama,
anazilalia kwa ule upande usiosikia kitu.