Nyuma ya Sikio

Watu hunikabidhi wasichoweza kukiona wenyewe:
kisogo, utosi, nyuma ya sikio.
Miaka kumi na mmoja hapa Kondele, kiti kimoja,
kioo chenye ufa kwenye kona.
Najua kovu la nani ni la mwiba, la nani ni la rungu.
Sisemi. Kinyozi mwenye mdomo hupoteza vichwa.

Obura alikuja kila Jumamosi ya pili.
Miaka ishirini na mitatu, mwenye ualbino,
nywele kama ndevu za hindi changa.
"Pembeni fifisha, Otuoma. Juu acha pasimame."
Wiki nzima alikuwa Mamboleo, kwenye barabara mpya,
ameshika mti wa vipimo juani,
mpimaji akimchungulia kwa jicho moja toka ng'ambo,
chini ya mwavuli.
Mwavuli ulikuwa wa chombo. Haukuwa wa mtu.

Machi nikaona kidonda,
kidogo kama punje ya wimbi.
Nikapitisha spiriti, akaruka, tukacheka.
Aprili kilikuwa punje ya mtama,
kimevaa gaga, gaga likaondoka na wembe wangu,
damu ikaja polepole kama mtu aliyeamshwa.
"Ni jua tu," akasema.
Jua tu!
Kama kusema ni ziwa tu, na mtu anazama.
Mei, punje ya hindi.
Nafaka gani hii inayokomaa bila mvua?

Siku hiyo nilikuwa na neno kooni.
Nikamtoza mia na hamsini, nikampangusa shingo,
nikalimeza.
Usiku halikulala, wala mimi.

Juni sikuwasha mashine.
Nilitoa kioo cha mkono ndani ya droo,
nikakishika nyuma yake, nikamwambia, tazama.
Akatazama,
macho yakichezacheza kama yalivyozoea,
kisha akaniuliza, tangu lini?
Tangu Machi.
Hakunitukana. Hilo ndilo lililoniuma.

Kule Russia, hospitali yetu kubwa,
walikata kipande, wakakituma maabara,
jibu likarudi: kansa ya ngozi,
ile isiyo na haraka lakini haisahau njia.
Daktari Nafula akatwambia, "Mmewahi."
Obura akashusha pumzi.
Mimi nikaisikia ile *mme-*,
nikatazama sakafu.

Sasa ana kofia yenye ukingo kama sinia,
shati la mikono mirefu hadi kiganjani,
na mafuta meupe ya kukinga jua, anayopaka upya
kila baada ya saa mbili,
hata siku mawingu yameketi juu ya milima ya Nandi.
Vijana wa benchi langu walimcheka:
"Kofia? Sasa unanyoa kwa ajili ya nani?"
Na nani aliyewafundisha, kama si mimi,
kwamba kichwa ni cha kuonwa?

"Hayo ni yenu," akasema Wesonga, fundi wa paa,
bado amevaa vumbi la mabati.
"Sisi weusi hatupati."
Obura akavua kofia.
Akageuza kichwa, akawaonyesha sikio
lililopungua kama mkate ulioumwa.
"Wewe umezaliwa na mwavuli," akamwambia.
"Lakini kuna pahali haufiki.
Lini ulitazama wayo wako?"

Redio ilikuwa ikisoma matokeo ya mpira.
Hakuna aliyeuliza nani kafunga.
Wesonga akavua ndara,
akapandisha mguu juu ya goti, akaushika kwa mikono miwili
kama mtu anayesoma barua ya deni.
Kisha Ogola. Kisha yule mgeni wa kutoka Maseno,
ambaye hatukujua jina lake.
Nyayo tano zikaelekea dari ya kinyozi.

Nimepoteza wateja wawili tangu nianze kusema.
Mmoja alidai nilimtakia ugonjwa.
Kule Mamboleo, naambiwa, mwavuli bado ni mmoja.
Kioo cha mkono hakirudi tena kwenye droo.