Alisikika Tu

Miaka ishirini na saba nimewaambia watu wa Kisauni:
kidevu juu, bega la kushoto chini,
usipepese.
Nao walitii. Watahiniwa, mabaharia, maharusi wenye hina mbichi,
hata mkuu wa kituo alikaa wima kama mche wa sabuni.
Nyuma yao pazia la buluu, mbele yao mimi.
Rudi baada ya dakika kumi uchukue.

Leo nimekuja Bamburi, kwenye machimbo ya zamani,
walipochimba mawe ya saruji hata ardhi ikatoka maji.
Kisha mtu akapanda mivinje,
mivinje ikaleta jongoo, jongoo akaleta udongo,
udongo ukaleta majani,
na majani, asema Mbodze, yakaita ndege bila barua.

Mbodze ndiye askari wa hifadhi. Ana buti za mpira
na daftari la miraba, kalamu imefungwa kwa uzi wa kitani.
Akaniuliza, umekuja kumpiga nani?
Nikasema, chozi.
Akacheka. "Chozi hapigwi, bwana. Chozi hudondoka."

Saa kumi na mbili na nusu. Umande juu ya lenzi ya kukodi,
nzito kama mchi; pikipiki yangu imebaki rehani kwa ajili yake.
Mshubiri umechanua. Tukachutama.
Kwanza sauti: twi, twi-twi,
sarafu ndogo ndani ya kikombe cha bati.
Kisha rangi. Kijani, la, si kijani.
Zambarau. La.
Mfuko wa shati la karani uliovujiwa na wino.
Nikabonyeza.

Bua.
Nikabonyeza tena.
Bua, na nyuma yake bua.
Ya tatu mkia, ya tisa kivuli cha mkia,
ya kumi na nne Mbodze mwenyewe akipiga chafya.

Na mdomo wangu, kwa mazoea yake,
ukanong'ona, usipepese,
kumwambia kiumbe mwenye uzito wa barua ya ukurasa mmoja,
ambaye siku atakayotulia
atakuwa chini, miguu juu, na siafu wameshapata habari.

Mbodze akafungua daftari:
*Chozi, wawili.
Mnana, kumi na mmoja, wagomvi.
Shore, wengi.
Kunguru, nimekataa kuwaandika.
Kurumbiza, alisikika tu.*

Nikamuuliza, huyo wa kusikika naye umemhesabu?
Akanitazama kama niliyeuliza bei ya hewa.
"Kwani hayupo?"

Nyuma ya pazia lile la buluu mamangu alihesabu chenji.
Hakupenda kupigwa. Sura yangu ya nyumbani, akisema,
wewe shughulika na wanaolipa.
Nikashughulika.
Alipofariki, ndugu zangu walipekua makasha mpaka alfajiri,
nyuso za Kisauni nzima, pamoja na waliokwisha kuhama,
pamoja na mbuzi mmoja wa mashindano.
Yake hakuna.
Ipo moja tu, kijana wa kitambulisho, macho makavu,
na pazia nyuma yake limevimba kidogo
mahali pa kiwiko.
Nilitaka kuitupa picha ile. Ilikuwa imeharibika.

Saa tatu jua likakaza, betri ikakata roho.
Kabla haijakata, Mbodze akasema, nionyeshe.
Nikaona haya. Picha sitini na mbili, hamna ndege.
Nikampa ya mwisho:
bua la mshubiri limepinda upande mmoja,
ua moja linaning'inia,
tone la umande bado hewani,
halijaamua.

Akaisogeza karibu na jicho,
akaiweka mbali,
akalamba ncha ya kalamu.
"Huyu jike," akasema,
akaandika.